Aliyosema Bismarck na aliyosemewa: uchambuzi wa kisa cha bango moja la maonyesho

Majina ya watu, ya mji na ya taasisi iliyohusika yameondolewa, na mambo madogo mawili matatu yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike. Maneno ya Bismarck, tarehe zake na mahali yaliposemwa yameachwa kama yalivyo, maana hayo ndiyo somo lenyewe.

## Usuli

Mji mmoja wa kaskazini mwa Ujerumani uliandaa maonyesho madogo kuhusu miaka ya utawala wa Wadachi Afrika ya Mashariki. Waandaaji waliamua mabango yote yawe na Kijerumani na Kiswahili, bega kwa bega, herufi za ukubwa mmoja. Kazi ya Kiswahili tulipewa watu wawili. Mmoja alikuwa mfasiri, mama mtu mzima aliyestaafu ualimu, mwenyeji wa pwani ya Tanga, ambaye sote tulimwita Mwalimu. Mwingine ni mimi, mhariri wake.

Bango la mlangoni lilikuwa la Otto von Bismarck, waziri mkuu wa Prussia tangu Septemba 1862, kisha kansela wa kwanza wa dola la Ujerumani kuanzia 1871 hadi Machi 1890, Kaisari Wilhelm II alipomwondoa. Alikuwa na ulimi mkali, na waliokula naye meza moja walilijua hilo. Msaidizi wake Moritz Busch aliandika aliyoyasikia na kuyachapisha. Mtu wa namna hiyo hurundikiwa maneno. Sisi wenyewe tumemfanyia hivyo Abunuwasi: alikuwa mshairi wa Baghdad zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, lakini pwani yetu kila hila isiyo na mwenyewe hupewa yeye, hata zile ambazo angezishangaa. Wajerumani na Wamarekani wamemfanya Bismarck kuwa Abunuwasi wao wa siasa.

Msimamizi wa maonyesho alitukabidhi orodha ya semi kumi na kisa kimoja. Alitaka mgeni aingie akitabasamu kabla hajakutana na picha za vita ndani. Tulikuwa na wiki tatu kabla ya mabango kwenda kwa mchapaji.

## Mambo yalivyokwenda

Mwalimu alianza juu ya orodha akishuka. Usemi wa kwanza ulikuwa ule unaojulikana kuliko yote: kwamba sheria ni kama soseji, ukizipenda usitazame zinavyotengenezwa. Aliumaliza kwa dakika tano, akaweka kalamu chini, akaniuliza, "Mwanangu, haya aliyasemea wapi? Alikuwa anasema na wabunge au na rafiki zake mezani? Kiswahili chake hakiwezi kuwa kimoja."

Swali hilo halikuwa la kumtilia shaka mtu. Lilikuwa swali la ufasiri tu, la mtu anayetaka kujua atumie sauti gani. Nikaenda kulitafutia jibu nikidhani ni kazi ya nusu saa.

Hotuba za Bismarck bungeni si siri. Kumbukumbu za Reichstag ziliandikwa neno kwa neno, na leo zinasomeka bure kwenye intaneti. Barua, maandishi na mazungumzo yake yalikusanywa na kuchapishwa kwa mfululizo wa majuzuu kati ya 1924 na 1935. Soseji hazimo. Zinapatikana kwenye magazeti ya Marekani ya Machi 1869, na anayenukuliwa ni mshairi John Godfrey Saxe: sheria, kama soseji, hupungukiwa heshima kadiri tunavyojua zinavyotengenezwa. Wakati huo Bismarck alikuwa Berlin, mzima, ana miaka 53. Jina lake lilianza kubandikwa kwenye usemi huo miaka ya 1930, yeye akiwa kaburini tangu 1898.

Tulipojua hivyo, tukapitia orodha nzima upya. Usemi kwamba watu hawasemi uwongo mwingi kama kabla ya uchaguzi, wakati wa vita na baada ya kuwinda, haukuwa na siku wala msikilizaji. Ule wa kwamba Mungu ana ulinzi maalumu kwa wapumbavu, walevi na Marekani, vivyo hivyo. Na huo una ndugu zake wakongwe waliozungumza juu ya wapumbavu, walevi na watoto, bila Marekani wala Bismarck.

Kile kisa nacho kilikuwa cha soseji. Mwaka 1865 Bismarck alimtaka daktari Rudolf Virchow, mbunge na mpinzani wake, wapigane kwa silaha kulinda heshima yake, na Virchow akakataa. Hayo yalitokea kweli. Kisa kilichomo kwenye orodha kiliongeza kwamba Virchow, mwenye haki ya kuchagua silaha, alileta soseji mbili zilizofanana, moja safi na moja imejaa minyoo ya trikina, akamwambia Bismarck achague ya kula. Virchow kweli alichunguza minyoo hiyo ya nyama ya nguruwe, na ndiyo sababu hadithi inamkaa sawasawa kama kanzu iliyopimwa. Lakini ni hadithi iliyokuja baadaye.

Zilibaki semi saba zenye mizizi, na hapo ndipo kazi ilipoanza kuwa tamu, kwa sababu hata hizo hazikuwa zimefika mikononi mwetu zikiwa nzima.

Orodha iliandika "damu na chuma". Kwenye kamati ya bajeti ya bunge la Prussia, tarehe 30 Septemba 1862, Bismarck alisema kwamba masuala makubwa ya zama hizo hayataamuliwa kwa hotuba na kura za walio wengi, bali kwa "chuma na damu". Chuma kilitangulia. Walikuwa wanagombania fedha za jeshi, na kikao kile kilihusu chuma kwa maana ya kawaida kabisa: bunduki, mizinga, na nani alipe. Vinywa vya watu ndivyo vilivyogeuza mpangilio baadaye, kwa kuwa damu ikitangulia hutisha zaidi.

Orodha iliandika kwamba siasa ni "sanaa" ya yawezekanayo. Katika mazungumzo yake na mwandishi wa gazeti, Agosti 1867, neno lililoandikwa ni Lehre, yaani elimu au fundisho. Mwalimu aliliwaza siku mbili. Alisema sanaa ni kitu cha kipaji, mtu huzaliwa nacho; elimu hufundishika, na mwanafunzi anaweza kufeli. Tukaandika "Siasa ni elimu ya yanayowezekana."

Orodha ilikuwa na askari wa Pomerania. Tarehe 5 Desemba 1876, akizungumzia ugomvi wa nchi za Balkani, Bismarck aliliambia bunge kwamba haoni humo maslahi ya Ujerumani yanayostahili mifupa mizima ya hata askari mmoja wa kawaida kutoka Pomerania, jimbo la Prussia. Yeye alisema mwanajeshi wa bunduki wa kawaida. Semi zinazozunguka humpandisha cheo na kumfanya wa kikosi cha wateule. Tofauti inaonekana ndogo, ila hoja yake ilikuwa udogo wa mtu yule.

Maneno ya tarehe 14 Mei 1872, "Canossa hatuendi", hayakuwa na tatizo. Yalihitaji tu mstari mmoja wa kumweleza msomaji wa Kiswahili kwamba Canossa ni mahali ambapo mfalme wa Kijerumani alikwenda kumwangukia Papa mwaka 1077.

Kisha lilikuja neno dalali, na hapa nieleze kosa langu. Tarehe 19 Februari 1878, kabla ya mkutano mkuu wa Berlin wa mwaka ule, Bismarck alisema Ujerumani haitakuwa hakimu wa mataifa bali itakuwa kama Makler mwaminifu. Mwalimu aliandika "dalali mwaminifu". Mimi nikalifuta, nikaandika "mpatanishi", kwa hofu kwamba msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa akiona dalali atawaza viwanja na nyumba za kupanga, na mtu anayedai asilimia zake. Siku ya pili nilikuta karatasi imerudi. Neno langu limekatwa kwa penseli, dalali amerudishwa, na pembeni ameandika kwa mwandiko wa ubaoni: "Soma mpaka nukta." Nikaisoma sentensi mpaka nukta. Bismarck alikuwa ameendelea: dalali mwaminifu ambaye kweli anataka biashara ikamilike. Alitaka asikike kama mtu wa biashara. Mimi nilikuwa nimemvisha joho la mzee wa usuluhishi.

Bismarck mwenyewe alijua vizuri sana nguvu ya kukata sentensi. Tarehe 13 Julai 1870 alipokea simu ya maandishi kutoka Ems iliyoeleza mazungumzo ya mfalme wake na balozi wa Ufaransa. Hakuongeza uwongo. Aliifupisha tu, akaitoa magazetini ikisomeka kama pande zote mbili zimetukanana, na tarehe 19 Julai Ufaransa ikatangaza vita.

Kwa jicho hilo tukautazama usemi wake wa tarehe 6 Februari 1888: "Sisi Wajerumani tunamwogopa Mungu, na si kitu kingine duniani." Orodha yetu iliishia hapo, kama zilivyoishia kadi za posta za Vita vya Kwanza vya Dunia. Sentensi yake haikuishia hapo. Aliendelea kusema kwamba kumwogopa Mungu huko ndiko kunakotufanya tuipende amani na kuitunza.

## Ramani ya Afrika

Usemi wa kumi ninaupa kichwa chake peke yake, kwa sababu ndio uliotugawa.

Tarehe 5 Desemba 1888 msafiri na mwandishi Eugen Wolf alikwenda kumwona Bismarck nyumbani kwake Friedrichsruh. Alitaka aungwe mkono katika mpango wa kwenda kumwokoa Emin Pasha, aliyekuwa amekwama ndani ya Afrika, sehemu za mto Nile wa juu. Wolf alionyesha ramani yake. Bismarck akamjibu kwamba ramani hiyo ni nzuri sana, lakini ramani yake yeye ya Afrika iko Ulaya: Urusi iko hapa, Ufaransa iko hapa, na sisi tuko katikati, hiyo ndiyo ramani yangu ya Afrika.

Maneno haya tunayo kwa mkono wa Wolf mwenyewe, aliyeyasikia. Tukaridhika kwamba yana msikilizaji, siku na mahali. Msimamizi aliyapenda kuliko yote, akataka yawe makubwa juu ya bango zima, na maelezo chini yake yaseme kwamba Bismarck hakuwa mtu wa makoloni. Alikuwa na ushahidi wa kuongezea: bungeni, Januari 1889, Bismarck alisema kwamba kwa asili yake yeye si mtu wa makoloni.

Mwalimu alifasiri usemi huo vizuri, kisha akakataa kutia sahihi bango. Alisema hivi, na nilimwandika palepale: "Kama ramani yake iko Ulaya, basi waliomnyonga Abushiri kwetu Pangani walitumwa na nani?"

Tuliweka tarehe mezani. Mnamo Februari 1885, mkutano wa Berlin kuhusu Afrika ulipokuwa unafungwa, serikali ya Bismarck ilipata kwa Kaisari hati ya ulinzi kwa ajili ya ardhi ambazo Carl Peters alidai kuzipata kwa mikataba Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami. Agosti 1888 kampuni ya Wadachi ilianza kushika utawala wa miji ya pwani, na watu wa Pangani wakasimama, vita vikaenea Mrima wote, yaani pwani hiyo ya bara, chini ya Abushiri na wenzake. Mazungumzo na Wolf ni ya Desemba mwaka huohuo, pwani ikiwaka moto. Na ile hotuba ya Januari 1889, ya "mimi si mtu wa makoloni", ilitolewa katika mjadala wa kuliomba bunge marki milioni 2 za kumpeleka Hermann Wissmann na jeshi kwenda kuzima vita hivyo vya pwani. Fedha zikatoka. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889, Bismarck akiwa bado kansela.

Hapo nilielewa kitu ambacho wiki mbili za kutafuta vyanzo hazikunifundisha. Tulikuwa tumejipanga kupambana na maneno ya uwongo. Usemi wa kumi ulikuwa wa kweli, una shahidi na tarehe, na pale mlangoni ungempotosha mgeni kuliko soseji zote.

## Maamuzi na sababu zake

La kwanza lilikuwa juu ya semi tatu zisizo na chanzo na kile kisa cha Virchow. Mimi nilitaka zitupwe. Msimamizi alipinga, na nakiri sasa kwamba hoja yake ilikuwa na uzito: watu wanazijua, watazitafuta, na wakizikosa wataendelea kuziamini wakitoka. Tukagawa bango sehemu mbili, "Aliyosema" na "Aliyosemewa". Soseji ziliwekwa upande wa pili, na jina la Saxe na mwaka 1869 pembeni yake.

La pili: kila usemi wa upande wa kwanza uandikwe na siku, mahali na waliousikia, kwa herufi zinazosomeka, zisiwe vumbi la chini ya ukurasa. Mchoraji wa mabango alilalamika kwamba nafasi haitoshi. Tulipunguza picha.

La tatu, kurudisha mikia iliyokatwa. Usemi wa kumwogopa Mungu ukaandikwa mzima, dalali akaachiwa biashara yake.

La nne lilichukua siku nne na simu nyingi. Usemi wa ramani ulibaki, lakini uliondolewa mlangoni ukapelekwa chumba cha Mrima, na chini yake zikawekwa tarehe tatu bila maelezo: mazungumzo na Wolf, kura ya marki milioni 2, na siku aliyonyongwa Abushiri. Mwalimu aliomba pia utajwe utenzi wa Hemedi bin Abdallah al-Buhriy juu ya vita hivyo, kwa kuwa kama chumba kina maneno ya Berlin kuhusu pwani, kiwe na maneno ya pwani yenyewe. Hilo halikupingwa na yeyote.

## Matokeo

Mabango yalifika kwa mchapaji siku mbili baada ya muda. Wageni walisimama mlangoni kwa muda mrefu kuliko tulivyotazamia. Nilikuwa nawaona watu wakimwita mwenzao, wakimwonyesha upande wa "Aliyosemewa", wengine wakibishana. Chumba cha Mrima kilikuwa kimya zaidi.

Wiki ya pili ilikuja barua. Mgeni alikuwa amenunua kikombe kwenye meza ya zawadi, na kwenye kikombe kulikuwa na usemi wa uchaguzi, vita na uwindaji, na chini yake jina la Bismarck. Aliuliza kwa adabu aamini bango au aamini kikombe. Vikombe vilikuwa vimeagizwa kutoka orodha ile ya kwanza, kabla Mwalimu hajauliza swali lake, na hakuna kati yetu aliyekumbuka kuwa orodha ilikuwa na nakala nyingine iliyokwenda kwa watu wengine. Maboksi mawili yaliondolewa mezani siku hiyohiyo. Yaliyokwisha kuuzwa yako makabatini mwa watu.

## Uchambuzi

Kilichotuokoa ni swali la Mwalimu, na inafaa kutazama lilivyoundwa. Hakuuliza kama usemi ni wa kweli. Angeniuliza hivyo ningejibu ndiyo, kwa kuwa kila mtu anausema. Aliuliza ulisemewa wapi na nani akisikia. Neno la kweli hujibu swali hilo hata kama majibu yana mapengo. Neno la kubandikwa hujibu kwa jina kubwa peke yake. Alilifikia swali hilo kwa sababu alikuwa anafasiri, na mfasiri hawezi kuandika sentensi bila kujua anayesema amesimama mbele ya nani. Tangu hapo, nikipokea nukuu yoyote ya kuhariri, huanza kwa kujaribu kuifasiri kwa lugha nyingine hata kama sikuombwa. Nukuu isiyo na mwenyewe huteleza mkononi.

Upande wangu, kosa la dalali na kosa la orodha ya semi ni ugonjwa mmoja. Aliyemwongezea Bismarck soseji alitaka asikike kama Bismarck anavyotarajiwa. Nami nilimpa upatanishi kwa sababu nilitaka asikike kama kiongozi anavyotarajiwa kwa Kiswahili cha heshima. Sikuwa na nia mbaya, na nadhani aliyeanzisha mambo ya soseji naye hakuwa nayo.

Kugawa bango sehemu mbili kulifaa kuliko kufuta. Lakini kulikuwa na udhaifu ambao hatukuuona mapema: mgeni aliyepita haraka aliona upande wa "Aliyosema" kama cheti. Kimeandikwa kwamba alisema, basi ndivyo ilivyokuwa. Usemi wa ramani ungekaa upande huo, ungepata cheti hicho, na tarehe za Pangani zisingekuwa karibu. Kama ningeifanya kazi hii upya, kila usemi wa kweli ningeuwekea pembeni jambo moja alilolifanya msemaji mwezi uleule.

Kuhusu vikombe, sababu ni ya kawaida kabisa. Masahihisho yalipita kwetu sisi wa maneno, hayakupita kwa waliokuwa wanaagiza vitu. Karatasi moja ya kueleza nani ana nakala ya orodha ingetosha.

Jambo la mwisho lililotukwepa aliliibua mgeni kutoka Mwanza, siku chache kabla ya kufunga. Alizunguka vyumba vyote, akarudi mlangoni, akatuuliza mbona jiwe lao halipo. Alikuwa anasema Bismarck Rock, yale mawe yaliyopandana ndani ya maji ya Ziwa Victoria karibu na kivuko cha Kamanga, ambayo maelfu ya watu huyapita kila siku wakiyaita kwa jina hilo. Tulikuwa na semi kumi, nusu yake tumezifuata hadi siku na saa, na hatukuwa na hata picha moja ya mahali ambapo jina la mtu huyu bado liko kwenye vinywa vya wasemaji wa Kiswahili. Mwalimu alichukua kalamu akamwomba yule mgeni aketi, aeleze wazee wa Mwanza wanavyolisimulia jiwe hilo, na akaanza kwa kumuuliza aliyasikia wapi na kwa nani.